Chuo Kije Kabla ya Poda

Matokeo ya Exetat, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka, mtaa wetu wa Rwambuzi huyajua kabla redio haijamaliza kusoma. Vijana hupita watatu watatu juu ya pikipiki moja, honi zikilia, mashati meupe ya shule yamechorwa kwa kalamu mgongo mzima, vichwa vimemwagiwa poda ya watoto mpaka kwenye nyusi. Mama muuza makaa barabarani hupakwa naye, atake asitake. Ndiyo desturi yetu Kongo nzima: aliyepata diploma hupakwa poda, na asiyepakwa siku hiyo hujifungia ndani.

Siku chache baadaye hupita gari lenye vipaza sauti juu ya paa. Ni chuo. "Ninyi mliopata diploma, karibuni, uandikishaji umeanza, nafasi zimebaki chache!" Kijana aliyesimama nyuma anagawa vikaratasi vya rangi: orodha ya fakulte, namba za simu, picha ya jengo iliyopigwa siku ya jua kali. Sina ugomvi na gari hilo. Chuo lazima kiishi, na karo ndiyo chakula chake. Ugomvi wangu ni wa tarehe. Gari linafika wakati mtoto amekwisha kuchagua mchepuo wake miaka minne nyuma, amekwisha kufanya mtihani, amekwisha kupakwa poda, na mjomba wake amekwisha kuamua kwamba atasoma sheria. Kilichobaki ni kulipa.

Mimi nafundisha kemia na biolojia darasa la mwisho la sekondari, hapa Bunia. Kwa msomaji wa Dodoma au Mombasa nieleze kidogo. Kwetu hakuna kidato cha tano na cha sita kinachosimama peke yake kama daraja la kwenda chuo. Tangu sheria ya elimu ya 2014, mtoto anasoma miaka 8 ya elimu ya msingi, kisha miaka 4 ya humanité, na humo kila mmoja ana mchepuo wake: kemia na biolojia, hisabati na fizikia, Kilatini na falsafa, ualimu, biashara, au ufundi kama ujenzi, umeme, ushonaji na kilimo. Kwenye karatasi darasa la mwisho ni la nne la humanité. Mtaani bado tunasema siksyemu, yaani la sita, kwa hesabu ya zamani, na mwanafunzi wake ni finalisti. Akitoka hapo, mbele yake ni chuo moja kwa moja.

Katikati umekaa huo mtihani wa taifa, Exetat. Kwanza kuna sehemu ya awali: insha ya Kifaransa, mazungumzo ya mdomo, na vitendo kwa wenye navyo. Halafu, wiki kadhaa baadaye, siku 4 za mtihani wenyewe: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya mchepuo. Siku hizo 4 mtoto haandiki sentensi hata moja. Anasoma swali, anafanya hesabu pembeni, anachagua jibu lenye namba. Asilimia 50 ndiyo mlango.

Kwa hiyo mwalimu wa finalisti, kuanzia Januari, anafundisha kuchagua. Futa majibu mawili yasiyowezekana. Jibu likiwa ni namba, lirudishe ndani ya mlinganyo uone kama linakaa. Tazama vipimo kabla ya kutazama tarakimu. Nami ni hodari wa kazi hiyo, sitajificha, na wazazi huniletea watoto wao kwa sababu hiyo. Lakini mwezi wa kumi au wa kumi na moja mtoto huyo huyo ameketi kwenye ukumbi wa chuo, na swali la kwanza analopewa linaanza na neno "Eleza". Hakuna namba ya kuchagua.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, aliyefaulu kwa asilimia ambazo mtaa mzima ulizisema, alikuja nyumbani baada ya mwaka wake wa kwanza. Alikuwa na madeni, yaani masomo aliyoshindwa, zaidi ya nusu. Nilimpa chai, akanywa, akasema: "Madamu, sikushindwa na kemia. Nilishindwa kujua wanataka nini." Akatoa kwenye begi ratiba yake. Tangu mwaka wa masomo wa 2021–2022 vyuo vya Kongo vilianza kuingia mfumo wa licence, master na daktari: licence ni miaka 3, na kila somo limepewa krediti, 60 kwa mwaka, 180 mpaka mwisho. Ndani ya krediti hizo zimehesabiwa saa za kukaa mbele ya mwalimu na saa za kazi ya mwanafunzi peke yake. Hakuna aliyemwambia. Kwake yeye, saa zisizo na mwalimu zilikuwa mapumziko. Alikuwa akirudi nyumbani, akicheza mpira, akingoja kuitwa.

Kutoka kwenye chai ile ndipo zilipozaliwa Jumamosi zetu. Usitafute jina la mradi wala nembo, hatuna. Kuna mimi, kuna walimu wenzangu wawili, kuna maasistanti wachache wa vyuo vya mjini wanaokuja tukiwalipia pikipiki, na kuna mayaya, yaani kaka na dada waliotangulia chuoni, ambao kwangu ndio wenye thamani kuliko sote. Na mji wetu si maskini wa vyuo. Tuna Chuo Kikuu cha Bunia, cha serikali. Tuna Taasisi ya Juu ya Ualimu, ISP, ambayo imewalea walimu wengi wa wilaya hizi. Tuna Chuo Kikuu cha Shalom, kilichoanza mwaka 1961 kama shule ya theolojia na kuwa chuo kikuu mwaka 2007. Wanafunzi wangu wanapita mbele ya kuta hizo kila siku wakienda sokoni. Wengi hawajawahi kuvuka geti.

Acha nieleze Jumamosi moja. Nilimwomba asistanti wa biolojia afundishe saa nzima kama anavyofundisha mwaka wa kwanza, asitupunguzie kitu. Akasimama bila daftari, akaanza kusema juu ya utando wa seli na jinsi maji yanavyopita. Anasema vizuri, kwa Kifaransa cha haraka, anatembea huku na huku, ubaoni anaandika neno moja kila baada ya dakika kadhaa. Mimi nilikaa nyuma, nikitazama madaftari. Robo saa ilipita. Kurasa nyeupe. Kalamu zilikuwa mkononi, zimeinuliwa, zinangoja. Hatimaye mvulana mmoja akanyoosha kidole: "Prof, tuandike?"

Asistanti akasimama. "Kwani mpaka sasa mlikuwa mnafanya nini?"

Darasa likacheka, naye akacheka, lakini swali la yule mvulana ndilo swali lenyewe. Kwetu mwalimu husoma, mwanafunzi huandika, na hata nukta na mstari mpya hutamkwa kwa sauti. Asiyejua sababu ataona ni uvivu. Si uvivu: vitabu hakuna, kwa hiyo daftari ndilo kitabu, na kitabu hakitakiwi kuwa na makosa. Mtoto aliyelelewa hivyo kwa miaka 12 hawezi kugeuka ndani ya wiki moja kwa sababu tu amebadilisha jengo.

Basi tulianza upya. Asistanti aliwaambia wakunje karatasi kwa urefu, theluthi moja kushoto na mbili kulia. Kulia wanaandika wanachosikia, bila sentensi kamili, mshale ukisimama badala ya "husababisha". Kushoto, baada ya somo, wanaandika maneno makuu na maswali. Akarudia lile somo la maji na utando. Alipomaliza, kila mmoja akampa jirani karatasi yake, na jirani akatakiwa kulieleza somo zima kwa kutazama maandishi ya mwenzake tu. Hapo kelele zikazuka. Msichana mmoja wa dawati la dirishani alimgeukia rafiki yake: "Wewe umeandika 'maji yanaingia'. Yanaingia wapi? Yanatoka wapi?" Rafiki akajitetea kwamba yeye mwenyewe anajua. "Utajua leo. Mwezi wa sita je?" Hakuna mwalimu aliyeingilia. Walibishana hadi mwenye karatasi akaichukua tena na kuongeza mshale.

Kuna suala la lugha, na hapa nina msimamo usiowapendeza wenzangu wote. Rwambuzi tunaishi kwa Kiswahili. Nyumbani mtoto anaweza kuwa na Kilendu, Kihema, Kialur au Kibira, Lingala anaisikia kwa askari na kwenye muziki, Kifaransa ni cha shule. Mwanafunzi akielewa jambo la kemia, huelewa kwanza kwa Kiswahili, kwa kunong'onezwa na mwenzake wakati mwalimu amegeuka ubaoni. Jumamosi tumeuruhusu mnong'ono huo uwe wa sauti. Eleza kwa Kiswahili mpaka mwenzako akubali, kisha sema hilo hilo kwa Kifaransa, kisha liandike. Mwalimu mwenzangu mmoja alilalamika kwamba tunawaharibu, kwamba chuoni hakuna Kiswahili. Nilimwambia awasikilize mayaya wanapojisomea usiku kwenye vyumba vyao vya kupanga. Wanafunzi wa Dar es Salaam wanafanya hivyo hivyo na Kiingereza chao, na hakuna aliyekufa.

Jumamosi inayowanyamazisha zaidi ni ya pesa. Naandika ubaoni: "Mwaka mmoja wa chuo". Wanataja. Wote huanza na karo na awamu zake, na wengi huishia hapo. Ndipo yaya mmoja husimama na kuongeza: silabusi ya kila somo, maana isiponunuliwa husomi, vifaa vya maabara, kodi ya chumba kwa wanaotoka Mahagi au Mambasa, makaa, sabuni, pikipiki siku ya mvua, kwa sababu matope ya Bunia hayamngoji mtu amalize mtihani. Tanzania wana Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005, na mzazi wa kule, hata akiilalamikia, ana mahali pa kupeleka fomu. Mzazi wa Rwambuzi ana ng'ombe, au shamba, au shemeji. Ufadhili upo, kama ule wa Excellentia wa taasisi ya mke wa Rais kwa waliong'ara katika Exetat, lakini huo ni wa wachache walio juu kabisa ya orodha. Mtoto wa asilimia 58 lazima apange. Na kupanga kunaanza mwaka mmoja kabla, mzazi akiwa bado ana muda wa kunenepesha mbuzi.

Makaratasi nayo. Kuandikishwa chuoni kwetu kunataka matokeo ya shule ya miaka ya mwisho, nakala ya diploma au ushahidi wa kufaulu, cheti cha kuzaliwa, cheti cha daktari, cheti cha tabia njema, picha za pasipoti. Kwa mtoto aliyelala nyumba moja maisha yake yote, hiyo ni kazi ya wiki moja. Darasani mwangu nusu si wa namna hiyo. Wametoka Djugu na Irumu kwa kukimbia vita, wengine wanalala kwa ndugu, wengine kwenye kambi ya Kigonze. Mkoa wetu wa Ituri umekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na kabla ya hapo watu walikuwa wakikimbia, na wanaendelea kukimbia. Tulipokuwa tukiandika orodha ile ubaoni, mwezi wa pili, mvulana mmoja alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja kwamba amesahau rula: matokeo yake ya miaka ya nyuma yaliungua pamoja na nyumba.

Mwezi wa pili kulikuwa na la kufanya. Shule yake ya zamani ilikuwa imehamia mjini na kuazima madarasa ya shule nyingine, zamu ya mchana. Mkuu wake, ambaye kwetu ni prefe, alikuwa amekimbia akiwa amebeba rejista kichwani, akaacha godoro. Kijana alikwenda mara kadhaa, mwishoni akapata nakala zenye muhuri. Sasa fikiria angeisikia orodha ile kutoka kwenye gari la vipaza sauti, uandikishaji ukiwa unafungwa baada ya wiki tatu. Kwa hiyo nikisema ugomvi wangu ni wa tarehe, simaanishi mambo ya kalenda tu.

Wazo hili la chuo kumfuata mwanafunzi kabla hajafika si la kwetu wala si geni. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza cha Kongo, kilipofunguliwa karibu na Kinshasa mwaka 1954, kiliweka mwaka wa matayarisho kwa Wakongo kwa hoja kwamba shule walizotoka hazikuwatosha. Shule zenyewe wenye hoja ndio waliokuwa wamezijenga, lakini tuliache hilo. Marekani, mwaka 1965, serikali ilianza mpango wa Upward Bound, unaowachukua watoto wa familia zisizo na kitu wangali sekondari na kuwapeleka kusoma kwenye viwanja vya vyuo wakati wa likizo. Uingereza, mwaka 1997, tajiri mmoja, Peter Lampl, aliona Oxford imejaa watoto wa shule za kulipia. Akagharamia wanafunzi wa shule za kawaida kwenda kukaa kule wiki moja ya kiangazi, wale chakula cha kule, wafundishwe na wa kule.

Karibu zaidi na sisi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliona wasichana wanakosa nafasi za sayansi na uhandisi kwa alama chache. Badala ya kuwapa pole, kiliwaita wiki kadhaa kabla ya mwaka kuanza, kikawafundisha hisabati na fizikia, kikawapa mtihani, na waliofaulu wakaingia. Makerere ilichagua njia fupi zaidi: tangu 1990 humwongezea kila msichana alama 1.5 katika hesabu ya kuingia. Ukiniuliza mimi, ya Dar ni bora, kwa sababu alama ya kuongezewa inakufikisha mlangoni tu, wakati wiki za kusoma zinaingia nawe darasani. Tanzania pia vyuo vingi hukutana kila mwaka viwanja vya Mnazi Mmoja kwa maonesho, mtoto akatembea kutoka banda hadi banda akiuliza. Nzuri, japo banda ni ndugu wa kipaza sauti.

Kinachofanana katika ile mipango inayofaa ni kwamba mtoto anaonja kazi yenyewe. Ndiyo maana mwaka uliopita tuliomba chuo kimoja kitufungulie ukumbi asubuhi moja. Baada ya barua na muhuri na barua nyingine, tulifunguliwa. Wanafunzi walikaa kwenye viti vya ngazi, wakasikiliza somo halisi la mwaka wa kwanza pamoja na wenyewe. Nilidhani watauliza juu ya fakulte. Msichana mmoja aliuliza vyoo vya wanawake viko wapi na kama vina maji. Mwingine aliuliza kama mwenye mtoto mchanga anaruhusiwa kutoka na kurudi ukumbini. Wa tatu, wa mchepuo wa ualimu, akauliza kama anaweza kusoma tiba. Asistanti alimjibu pale pale, bila kumpamba: kuandikishwa utaandikishwa, ila kemia ambayo wenzako wamesoma miaka minne wewe utaisoma peke yako, usiku, ndani ya mwaka mmoja, anza leo. Jibu hilo huwezi kulipata kwenye kikaratasi cha rangi. Tangu siku hiyo yule msichana anaazima vitabu vyangu viwili kwa zamu.

Si kwamba kila mtu anashangilia. Prefe wa shule moja hakuturuhusu kabisa. Hoja yake ni ya kweli: shule inapimwa kwa asilimia ya waliofaulu Exetat, wazazi huhamisha watoto kwa kusikia asilimia hizo, na Jumamosi ya kujifunza kuandika maelezo ni Jumamosi isiyotumika kwa maswali ya kuchagua. Hakuna anayemuuliza prefe wangapi walimaliza mwaka wa kwanza. Siku mkaguzi akianza kuuliza, mlango utafunguka wenyewe.

Kwa upande wa chuo, maasistanti wanaotusaidia hawapati chochote kazini kwao kwa saa hizo. Kila rekta akisimama jukwaani hutaja kazi tatu za chuo kikuu: kufundisha, kutafiti, kuhudumia jamii. Mbili za kwanza zinahesabiwa asistanti anapoomba kupanda daraja. Ya tatu inabaki kwenye hotuba. Ikihesabiwa nayo, japo kidogo, nadhani sitalazimika kumbembeleza mtu yeyote kwa nauli ya pikipiki.

Na wapo wazazi. Fundi mmoja wa magari, jirani yangu, alinisimamisha njiani, mikono imejaa grisi. "Madamu, mtoto wangu tangu azaliwe anasema atakuwa daktari. Sasa anasema anataka maabara, miaka mitatu aanze kazi. Mmemfanya nini huko?" Nilimwambia binti yake alipiga hesabu mwenyewe, ya miaka na ya pesa, na akasema akishapata mshahara ataendelea. Akatikisa kichwa. Nilimwambia pia kwamba anaweza kubadilisha mawazo tena, muda upo, ndiyo kwanza mwezi wa tatu. Hakuridhika hata kidogo. Basi nimemwalika aje mwenyewe Jumamosi hii. Yaya wa tiba atakuwepo, na wa maabara pia, naye awaulize wote wawili yale anayoniuliza mimi barabarani.